Ratiba Isiyo na Mwaka: Kutunza Karatasi za Maonyesho Nyanda za Juu Kusini

Chukua karatasi moja ya A4 iliyokunjwa katikati, ya aina inayogawiwa mlangoni siku ya tamasha. Juu imeandikwa "Tamasha la Kwaya", na chini yake "Jumapili tarehe 14 Desemba, saa 8:00 mchana". Jina la mgeni rasmi lipo, kwaya saba zimetajwa kwa zamu zao, na mwisho kabisa kwaya zote zinaungana kuimba "Haleluya" ya Handel. Mwaka haupo. Aliyeichapa hakuuweka kwa sababu kila aliyeipokea mlangoni alijua ni mwaka gani.

Hiyo ndiyo kasoro ya kwanza utakayokutana nayo ukianza kukusanya ratiba, mabango na tiketi za maonyesho, na inatatulika. Tarehe 14 Desemba haiangukii Jumapili kila mwaka. Tangu 1975 imetokea 1975, 1980, 1986, 1997, 2003, 2008, 2014 na 2025 tu. Siku na tarehe hukutana tena baada ya miaka 5, 6 au 11, na kalenda ya simu yako inarudi nyuma kadiri unavyotaka. Umebaki na miaka minane. Sasa soma kila herufi iliyo kwenye karatasi, hasa zile ndogo za chini ambazo watu huziruka.

Ikisema "Njombe, Mkoa wa Iringa", ni ya kabla ya 2012, mwaka Njombe ilipokuwa mkoa. Ikisema "Vwawa, Mkoa wa Mbeya", ni ya kabla ya Songwe kuzaliwa 2016. Waliofanya onyesho wakitajwa kama Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ni kabla ya 2007. Baada ya hapo ni TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Bango la dansi lililoandikwa NUTA Jazz ni kongwe kuliko la JUWATA, na la JUWATA ni kongwe kuliko la OTTU, ingawa bendi ni ileile, iliyobadilika jina pamoja na chama cha wafanyakazi kilichoimiliki. Tancut Almasi, bendi iliyolelewa na kiwanda cha kukata almasi hapa Iringa, inakupeleka moja kwa moja miaka ya 1980. Namba ya simu ya mkononi inayoanza na 0744 au 0748 ni ya zama za kabla ya 0754 na 0784. Na matangazo ya wadhamini yana thamani kubwa kwa kazi hii: kampuni ya simu ya Celtel iliingia nchini 2001, ikawa Zain 2008, ikawa Airtel 2010. Kwa hiyo ratiba yetu ya Jumapili 14 Desemba ikiwa na alama ya Celtel pembeni, mwaka ni 2003, kwa sababu Desemba 2008 jina hilo lilikuwa limeshabadilika.

Mwaka ulioupata kwa hesabu uandike nyuma ya karatasi, pembe ya chini, kwa penseli laini ya 2B, ndani ya mabano ya mraba: [2003]. Mabano yanamwambia atakayekuja baadaye kwamba mwaka haukuchapwa, umetafutwa. Ukiwa na shaka weka alama ya kuuliza ndani yake. Usitumie kalamu ya wino kamwe. Wino wa kalamu unapenya hadi upande wa pili na haufutiki, na mkandamizo wake unaacha mchirizi kwenye karatasi laini. Hata penseli, iandike juu ya meza ngumu, si juu ya rundo la karatasi nyingine.

Tatizo hili si letu peke yetu. Majumba ya maonyesho ya London karne ya 18 na 19 yalichapa karatasi ndefu nyembamba za kubandika ukutani na kugawa mitaani, na nyingi zina siku na tarehe bila mwaka, kwa kuwa zilikuwa za kutumika kesho na kutupwa keshokutwa. Maktaba ya Uingereza ina zaidi ya laki mbili za aina hiyo, na wanaozipanga hutumia hesabu hii hii ya siku na tarehe. Orkesta ya New York Philharmonic, iliyoanzishwa 1842, imeweka ratiba zake zote zilizochapwa kwenye intaneti tangu mwaka huo wa kwanza. Imewezekana kwa sababu nakala moja ya kila onyesho iliwekwa pembeni.

Na kwa nini karatasi ya kugawa ina uzito hivyo? Angalia tangazo la opera ya Mozart, Die Zauberflöte, la Vienna tarehe 30 Septemba 1791. Jina linalong'ara juu ni la Schikaneder, mwandishi wa maneno. Mozart yuko chini, baada ya orodha ya waimbaji, pamoja na maelezo kwamba ataongoza orkesta mwenyewe siku hiyo kwa heshima ya hadhira na kwa urafiki wake na mwandishi. Daftari la nota halikuambii nani aliimba usiku wa kwanza wala nani alisimama mbele ya wapigaji. Karatasi ya mlangoni inakuambia. Huku kwetu ni zaidi ya hapo. Mwalimu wa kwaya aliyefundisha sauti nne kwa solfa katika usharika wa Rungwe au parokia ya Tosamaganga, mpiga kinanda wake, binti aliyeimba peke yake ubeti wa pili: mara nyingi majina yao yamechapwa mahali pamoja tu duniani, kwenye karatasi ile iliyokunjwa.

Sasa tuje kwenye karatasi yenyewe. Karatasi za Ulaya za kabla ya katikati ya karne ya 19 zilitengenezwa kwa vitambaa chakavu vya kitani na pamba, ndiyo maana tangazo la 1791 linaweza kuwa imara kuliko la 1891. Zilizofuata zilitokana na mbao zilizosagwa, zenye lignini (kinachoshikanisha nyuzi za mti) na tindikali, na tindikali hiyo inaila karatasi kutoka ndani. Karatasi za stensili, yaani za mashine ya kurudufu, zilizotumika shuleni na makanisani hadi miaka ya 1990 ni za kundi hili: nyepesi, za kunyonya wino, na zikikunjwa mara kadhaa zinameguka. Ukitaka kuona kwa macho yako, weka kipande cha gazeti dirishani, juu yake sarafu ya shilingi 200, uache wiki moja ya jua la Juni. Ukiinua sarafu utakuta duara jeupe kwenye karatasi ya njano. Jua la mwinuko wa Mbeya, mita kama 1,700 kutoka usawa wa bahari, ni kali hata siku ya baridi. Ratiba iliyowekwa kwenye fremu ukutani mkabala na dirisha inateketea polepole.

Kabla ya kugusa chochote, jua karatasi yako imechapwa kwa nini, maana kila wino una adui yake. Stensili ina wino wa mafuta. Utaona kivuli cha manjano kuzunguka herufi. Mashine ya riso, ambayo parokia na shule nyingi bado zinaitumia, nayo ina wino wa mafuta usiokauka kabisa, kwa hiyo ratiba zake zinaachiana rangi zikilaliana: weka karatasi nyeupe kati ya moja na nyingine. Fotokopi na printa ya leza hubandika unga kwa joto. Unga huo unang'ang'ania plastiki mbaya na kung'oka nao. Printa ya wino wa maji haivumilii hata tone. Tiketi za mashine ya risiti ni mbaya kuliko zote, kwa sababu hazina wino. Karatasi yenyewe imegeuka nyeusi kwa joto, na ndani ya miaka michache, au mchana mmoja ndani ya gari, maandishi yanapotea. Tiketi ya namna hiyo ipige picha siku hiyohiyo.

Kinachofuata ni kuondoa. Pini za stepla kwanza, kwa kuwa hali ya hewa ya Tukuyu au Makete inazitia kutu ndani ya masika moja tu, na kutu inatoboa karatasi. Usizing'oe kwa kile kifaa chenye meno, kinararua. Geuza karatasi, ingiza ncha ya kisu chembamba cha mezani chini ya mkono mmoja wa pini, uinue taratibu hadi usimame wima, kisha mkono wa pili, halafu geuza na uvute pini kwa vidole kutoka mbele. Kwenye karatasi iliyochoka, tanguliza kipande cha plastiki nyembamba chini ya kisu ili chuma kisikwaruze. Klipu za chuma na mipira ya kufungia noti nazo zitoke. Mpira ukizeeka unayeyuka na kuganda kama gundi nyeusi.

Selotepu ni habari nyingine. Ile ya zamani, iliyokwisha kugeuka kahawia na kubanduka yenyewe, iache ibanduke, lakini doa lake halitoki kwa njia za nyumbani. Ile mpya iliyoshika bado usiivute. Ukivuta unaondoka na herufi. Iache, andika kwenye daftari kwamba ipo.

Hapa niseme jambo ambalo nalishikilia kwa nguvu zote: usipeleke karatasi ya onyesho kufanyiwa laminesheni. Kila duka la steshenari kuanzia Soko Matola la Mbeya hadi Miyomboni ya Iringa lina mashine hiyo, na watu huipeleka karatasi wanayoipenda kuliko zote. Mashine inaipitisha kwenye joto la zaidi ya nyuzi 100 na kuigandisha kati ya plastiki mbili kwa gundi. Tindikali imefungiwa ndani. Pembe ikifunguka, unyevu unaingia na hautoki. Na hakuna namna ya kurudi nyuma. Plastiki haitoki bila karatasi. Karatasi iliyochanika vipande vinne na kuwekwa ndani ya folda safi ina maisha marefu kuliko iliyo nzima ndani ya laminesheni.

Mifuko ya plastiki iliyo wazi ya kuchomeka karatasi inafaa, ikiwa ni plastiki sahihi. Poliesta na polipropilini ni salama. PVC si salama: inatoa tindikali ya hidrokloriki na inanyonya unga wa fotokopi. PVC ina harufu, ile ya pazia jipya la bafuni, na inanata mkononi. Ukitaka uhakika, kata kipande kidogo cha mfuko, toka nje ya nyumba, pasha waya wa shaba kwenye moto hadi uwe mwekundu, uguse nao plastiki, kisha urudishe waya kwenye moto. Moto ukigeuka kijani kibichi, kuna klorini: usitumie. Simama upande upepo unakotoka, maana moshi wake ni sumu.

Folda unaweza kuitengeneza mwenyewe. Nunua rimu ya karatasi nyeupe iliyoandikwa ISO 9706, alama ya karatasi isiyo na tindikali yenye akiba ya chokaa ndani yake. Zipo kwenye maduka ya kawaida, ni suala la kusoma pembeni ya rimu. Karatasi ya A3 ikikunjwa katikati ni folda ya A4. Folda moja, kitu kimoja. Bahasha za kaki, ambazo ndizo makazi ya ratiba nyingi, ziache. Kaki isiyopaushwa, kama inayotoka Mgololo kule Mufindi, ni karatasi imara sana kwa mifuko ya saruji, lakini tindikali inayotokana na lignini yake inahamia kwenye kilicho ndani. Vipande vya magazeti vyenye habari za maonyesho navyo vikae peke yao, au vitolewe fotokopi kwenye karatasi nzuri. Gazeti likilazwa juu ya ratiba nyeupe linaacha umbo lake la kahawia.

Halafu mahali pa kuweka. Baridi ya nyanda za juu ni rafiki wa karatasi. Kila mabadiliko ya kemikali yanakwenda polepole Njombe kuliko Dar es Salaam. Unyevu ndio unaotuharibia. Unyevu wa hewa ukipita asilimia 65 kwa siku kadhaa, ukungu unaota, na kuanzia Novemba hadi Aprili sehemu kubwa ya Rungwe inapita hapo kila usiku. Lenga kati ya asilimia 35 na 55, ununue kipimo kidogo cha unyevu cha kuweka ndani ya kabati, vinginevyo unabahatisha. Iringa mjini ni rahisi zaidi. Kyela, joto na maji ya ziwa kwa pamoja, ndiyo ngumu kuliko zote, na aliye Kyela akiwa na ndugu Iringa amwekee nakala bora huko.

Sanduku la bati tulilorithi kwa wazazi linazuia panya na mchwa, lakini bati linapoa haraka. Usiku wa Juni hewa yenye unyevu iliyofungiwa ndani inageuka umande upande wa chini wa kifuniko na kudondokea karatasi ya juu. Ukilitumia, lipange ndani kwa maboksi ya kadibodi, acha nafasi ya vidole vinne chini ya kifuniko, na ulifungue lipate hewa siku kavu. Rafu za mbao za paini ya Sao Hill zinapendeza ila zinatoa utomvu na hewa ya tindikali. Zipigwe rangi ya maji, zikauke wiki tatu, ndipo zitandikwe karatasi. Kabati likae sentimita 15 kutoka sakafuni na 10 kutoka ukutani, hasa ukuta wa nje unaopigwa na mvua, na kwa mchwa miguu yake isimame ndani ya makopo yenye oili. Lisikae chumba ambacho jiko la mkaa huingizwa jioni za baridi. Masizi yanashika karatasi na hayafutiki. Darini kuna joto na panya. Nafthalini na dawa za unga zisiguse karatasi, na mchele kama kifyonza unyevu utakuletea wadudu tu.

Wadudu wakiwa wameshaingia, funga folda ndani ya mifuko miwili ya plastiki, toa hewa, weka kwenye friza la nyuzi 18 hadi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Ukitoa usifungue mfuko kwa saa 24. Umande utagandia juu ya plastiki badala ya karatasi. Umeme ukikatika muda mrefu, anza hesabu upya, kwa sababu mayai yanayopoa taratibu huvumilia. Friza hiyohiyo ni msaada bati likivuja na rundo zima likalowa. Una saa 48 kabla ya ukungu. Ratiba za karatasi ya kung'aa zitenganishe zikiwa bado mbichi, kwani zikikaukiana zinakuwa tofali moja. Zisizowezekana kutenganishwa siku hiyo zigandishwe, zishughulikiwe moja moja baadaye.

Mabango yaliyoviringishwa miaka mingi hayafunguki kwa nguvu. Tafuta ndoo kubwa ya plastiki yenye mfuniko, weka taulo lililokamuliwa chini, juu yake wavu, juu ya wavu bango, ufunike. Angalia kila nusu saa. Baada ya saa mbili au tatu karatasi inakuwa laini kama kitambaa cha pamba. Itoe, ilaze kati ya karatasi nyeupe mbilimbili, weka ubao bapa na vitabu vizito juu, badilisha karatasi hizo baada ya saa moja, uache siku mbili. Yenye mhuri wa zambarau au wino wa maji usiiweke humo, mhuri utasambaa.

Mpasuko unaozidi kukua unahitaji gundi ya wanga. Si uji wa unga wa ngano kama wa kubandikia mabango ukutani: unga una gluteni, inayogeuka njano na kuvuta mende. Kanda nusu kilo ya unga wa ngano na maji uwe donge, liache nusu saa, kisha likamue ndani ya beseni la maji hadi ubaki na kitu kinachovutika kama mpira. Hicho ndicho gluteni, tupa. Maji meupe yachuje, yaache yatulie usiku kucha, umwage maji ya juu. Kilichoganda chini ni wanga. Ukaushe. Kupika, kipimo kimoja cha wanga kwa vitano vya maji, moto mdogo, ukikoroga dakika 20 hadi kiwe kizito na kama kioo. Kikipoa kipitishe kwenye chujio mara mbili, ukipunguze kwa maji hadi kiwe kama maziwa mgando. Kikianza kunuka uchachu, mwaga. Kiraka ni karatasi ya Kijapani ya nyuzi ndefu, gramu 9 hadi 12 kwa mita ya mraba. Hiyo inaagizwa, lakini tabaka moja linatoa viraka vingi. Usiikate kwa mkasi: chora mstari kwa brashi ya maji, uichane, nyuzi zibaki kama manyoya pembeni. Pakaa gundi kidogo kuliko unavyodhani inahitajika, bandika upande wa nyuma, kandamiza kati ya vipande vya kitambaa cha nailoni ili visinate.

Mabango ya flexi ya siku hizi ni PVC. Yasikae na karatasi. Yaviringishe picha ikiwa nje, kwenye bomba nene, au piga picha nzuri na uachane nayo.

Na sasa hivi matangazo mengi hayachapwi kabisa. Yanapita WhatsApp, mengine kwenye hadhi (status) ya mtu, saa 24 yamekwisha. Picha iliyosambazwa hivyo imebanwa hadi majina madogo hayasomeki. Mwombe aliyelitengeneza akutumie faili la awali la PDF kama hati, si kama picha. Lipe jina linalojieleza, mwaka mbele: 2025-12-14_iringa_tamasha-kwaya_01. Karatasi za zamani ziskani kwa dpi (nukta kwa inchi) 300, zenye herufi ndogo 600, pande zote mbili hata kama nyuma ni tupu. Kwa simu, tumia mwanga wa dirisha siku ya mawingu, simu ikiwa sambamba na karatasi, bila flashi. Nakala tatu, mojawapo nje ya nyumba yako.

Daftari ndilo linalofanya rundo liwe mkusanyo. Kila kitu namba yake, na mbele ya namba: onyesho, tarehe, ukumbi, waliotajwa wote kwa tahajia ya karatasi ilivyo, kiingilio, vipimo kwa milimita, aina ya uchapaji, kasoro, aliyekupa na lini. Tahajia usisahihishe, kama ratiba imeandika "Hendel", nawe andika hivyo, na jina sahihi liwe kwenye safu ya pili.

Kisha toa fotokopi ya kila ratiba, kubwa kuliko ya awali, nafasi ya pembeni iwe pana, umpelekee katibu wa kwaya au mzee aliyekuwepo. Yeye ataandika kwenye fotokopi kwa kalamu anayoitaka: huyu hakuja siku ile, wimbo wa nne uliachwa kwa sababu ya mvua, aliyepiga kinanda ni mdogo wake. Fotokopi hiyo yenye mwandiko wake nayo ipewe namba, iingie kwenye folda ya jirani.